Kupiga Picha za Maua kwa Kamera Kubwa ya Filamu, Mwanza na Mwambao wa Ziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu aliyepata kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5, au anayekaribia kuipata, na anataka kuanza na maua. Jambo moja litajirudia karibu katika kila jibu. Ukisogea karibu na ua, mwanga unaofika kwenye filamu unapungua. Mwanga ukipungua, shata (mlango mdogo wa lenzi unaofunguka kuingiza mwanga) inabidi ikae wazi muda mrefu zaidi, na muda ukirefuka upepo unapata nafasi ya kulitikisa ua. Picha nyingi za maua zinazoharibika zimeharibikia mahali fulani katika mnyororo huo.

Kamera kubwa ni ipi hasa, na ina sehemu gani?

Ni kamera inayotumia filamu ya vipande, kila kipande picha moja. Kipimo cha kawaida ni inchi 4 kwa 5, yaani karibu sentimita 10 kwa 12.5. Mbele kuna ubao unaoshika lenzi, na ndani ya lenzi kuna shata. Nyuma kuna kioo cha ukungu unachotazamia picha. Katikati kuna mvukuto wa ngozi au kitambaa unaovutika na kukunjika. Filamu inakaa ndani ya holda, nayo holda moja hubeba vipande viwili, kimoja kila upande, kila kimoja na kifuniko chake cha kuvuta.

Picha kwenye kioo inaonekana imepinduka, juu chini na kushoto kulia. Macho huzoea.

Vitu vingine usivyoweza kuvikwepa: tripodi nzito, kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa, kikuzaji cha kutazamia kioo (cha mara 4 hadi 6 kinatosha), kebo ya kufyatulia shata, mita ya mwanga (programu ya simu inafaa kwa kuanzia), na tepu ya fundi cherehani. Hiyo tepu utaitumia kuliko unavyodhani.

Ninunue kamera na lenzi gani?

Kwa maua, angalia kwanza urefu wa mvukuto, jina la kamera baadaye. Lenzi ya milimita 150 ndiyo ya kawaida kwa filamu hii. Ukitaka ua lionekane kwenye filamu kwa ukubwa wake halisi, mvukuto lazima uvutike mara mbili ya urefu wa lenzi, yaani milimita 300. Lenzi ya 210 itadai milimita 420, na kamera nyingi nyepesi za kukunja hazifiki huko. Kwa hiyo 150 ni chaguo salama.

Kamera za reli moja, kama Sinar F au Toyo za zamani, ni nzito na hazipendezi kupanda nazo kwenye majabali ya Kapripoint, lakini mvukuto wake ni mrefu na zinapinda kila upande. Kwa mtu atakayepiga maua barazani na bustanini, tunazipendekeza kuliko kamera za kukunja. Intrepid, inayotengenezwa Uingereza, ni nyepesi na inafaa kama utatembea.

Kabla ya kulipia mvukuto uliokwishatumika, ingia nao chumba chenye giza, washa tochi ndani yake, na utazame kona za mikunjo. Kila tundu linaloonyesha nukta ya mwanga litaacha doa jeusi kwenye negatifu, yaani filamu iliyosafishwa, ambayo penye mwanga huonekana peusi. Matundu madogo huzibwa kwa rangi nyeusi ya kitambaa au gundi ya mpira iliyochanganywa na masizi.

Nianze na ua gani?

Alizeti. Sababu ni za kiufundi. Kichwa chake ni kikubwa, mara nyingi sentimita 20 au zaidi, kwa hiyo kinajaza filamu kikiwa kimepunguzwa hadi theluthi ya ukubwa wake, na mwanga unaopotea ni kidogo. Uso wake ni bapa, hivyo ni rahisi kuuweka sambamba na filamu. Shina lake ni nene, halitikisiki ovyo. Tena alizeti iliyokomaa huelekea mashariki na kubaki hapo, kwa hiyo asubuhi, wakati upepo umetulia, jua liko usoni mwake.

Baada ya hapo nenda kwenye haibiskasi, kisha waridi. Bogenvilia iache kwanza: ile rangi unayoiona si ya petali bali ya majani membamba kama karatasi, na hutikisika hata mtu akipita karibu. Ua la pamba linastahili subira yako ukiwa Usukumani. Hufunguka asubuhi likiwa jeupe la maziwa, na siku ya pili linageuka waridi hadi jekundu kabla ya kunyauka. Kwenye mmea mmoja unaweza kukuta rangi zote mbili. Omba ruhusa ya mwenye shamba na uwahi mapema.

Filamu inapakiwaje kwenye holda bila kuiona?

Pakia usiku, katika chumba kisicho na dirisha, na uzibe chini ya mlango kwa kanga au taulo. Mfuko mweusi wa kupakilia unafaa, lakini kwa joto la Mwanza mikono hutoka jasho ndani yake na jasho huacha alama za vidole kwenye filamu. Ukiutumia, nawa na kausha mikono, pakia holda mbili tatu, toa mikono upumzike.

Kila kipande kina vikato kwenye kona moja. Shika kipande kikiwa kimesimama wima, vikato viwe kona ya juu kulia: hapo upande wenye dawa inayohisi mwanga unakutazama wewe. Ndio unaopaswa kutazama nje, kuelekea lenzi. Telezesha kipande chini ya kingo mbili za holda. Kikipita juu ya ukingo badala ya chini, filamu haitalala sawa na picha haitakuwa kali. Jizoeze mchana na kipande kimoja kilichoharibika hadi vidole vijue njia.

Kifuniko cha holda kina upande mweupe na upande mweusi juu ya mpini. Desturi ni hii: mweupe ukitazama nje, filamu haijapigwa, mweusi, imeshapigwa. Futa vumbi la holda kwa brashi laini kabla ya kupakia, hasa kuanzia Juni hadi Septemba wakati barabara zimekauka. Vumbi linalokaa juu ya filamu huacha nukta angavu kwenye negatifu, na kwenye picha inakuwa nukta nyeusi.

Ni hatua zipi za kupiga picha moja, kwa mpangilio?

Mpangilio ndio unaookoa filamu, na ni vizuri kuubandika kwenye kitambaa chako cheusi.

1. Simamisha tripodi, fungua shata iwe wazi na tundu la lenzi liwe kubwa kabisa.
2. Tafuta umbali na mpango wa picha kwenye kioo. Kwa maua ya karibu sana, tafuta ukali kwa kusogeza sehemu ya nyuma au kamera nzima. Ukisogeza lenzi, ukubwa wa picha unabadilika wakati huohuo na utazunguka bila kufika.
3. Kagua kona zote za kioo kwa kikuzaji. Punguza tundu hadi f/22 (namba ya f ni kipimo cha tundu: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), subiri macho yazoee giza, kagua tena.
4. Pima urefu wa mvukuto kutoka ubao wa lenzi hadi kioo, au ukubwa wa ua kwenye kioo.
5. Pima mwanga, fanya hesabu (tazama swali linalofuata), weka muda.
6. Funga shata. Ikoki, yaani vuta kiwiko chake iwe tayari kufyatuka, ifyatue mara moja bila filamu usikie kama inafanya kazi, kisha ikoki tena.
7. Ingiza holda taratibu bila kuisogeza kamera. Vuta kifuniko kilicho upande wa lenzi.
8. Subiri ua litulie. Fyatua kwa kebo.
9. Rudisha kifuniko, upande mweusi nje. Andika namba ya holda, ua, tundu, muda na saa.

Wengi hukosea hatua ya 6. Ukivuta kifuniko shata ikiwa bado wazi, filamu inaungua yote na negatifu itatoka nyeusi tii. Negatifu ikitoka tupu kabisa, kifuniko hakikuvutwa au shata haikukokiwa. Picha mbili zikilaliana, hukugeuza kifuniko.

Nimepima mwanga vizuri, mbona negatifu za maua ya karibu zinatoka hafifu?

Kwa sababu mita haijui kuwa umevuta mvukuto. Namba za f zilizoandikwa kwenye lenzi ni za vitu vya mbali. Kadiri lenzi inavyokwenda mbali na filamu, mwanga uleule unatawanyika juu ya eneo kubwa zaidi. Hesabu yake ni fupi: gawanya urefu wa mvukuto kwa urefu wa lenzi, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Hiyo ndiyo idadi ya mara unazopaswa kuongeza muda.

Lenzi 150, mvukuto 225: jibu ni 1.5, na 1.5 mara 1.5 ni 2.25. Muda wa mita wa sekunde 1 unakuwa sekunde 2 na robo. Mvukuto ukifika 300, unazidisha kwa 4.

Kama hupendi tepu, weka rula ya shule mahali ua lilipo na uitazame kwenye kioo. Sentimita 10 za rula zikionekana sentimita 5, ukubwa ni nusu. Jumlisha 1, upate 1.5, zidisha kwa lenyewe, ni 2.25 vilevile. Njia hii ni bora zaidi kwa lenzi ambazo urefu wake hauna uhakika. Theluthi ya ukubwa inadai karibu mara 1.8, robo karibu mara 1.6, ukubwa kamili mara 4. Kwa mandhari ya mbali, kama Jabali la Bismarck kutoka ufukweni, huhitaji kuongeza chochote, na ndiyo maana mtu anayetoka kwenye mandhari hushangaa anapofika kwenye maua.

Na muda ukizidi sekunde moja?

Filamu inaanza kuchoka. Mwanga hafifu kwa muda mrefu hauifanyii kazi sawasawa na mwanga mkali kwa muda mfupi, kwa hiyo unaongeza tena. Kila filamu ina tabia yake. HP5 Plus ya Ilford: sekunde 2 zinakuwa 2.5, sekunde 4 zinakuwa 6, sekunde 10 zinakuwa 20. FP4 Plus ni nafuu kidogo: 10 zinakuwa kama 18. Fomapan 100 ni ya bei ya chini na ni filamu nzuri mchana, lakini hapa inaadhibu: sekunde 10 zinadai 80.

Fanya hesabu ya mvukuto na ya kichujio (kioo cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi, kama unakitumia) kwanza, ya uchovu wa filamu mwisho. Mfano kamili: haibiskasi dirishani, ukubwa wa 0.8, HP5, mita inasema sekunde 1 kwa f/22. Jumlisha 1 kwenye 0.8, upate 1.8, mara 1.8 ni 3.24. Sekunde 3.24 kwenye HP5 zinafika karibu 4.7. Hesabu sekunde 5 na ufyatue. Kukosea kwa kuzidisha kidogo hakuui negatifu ya rangi nyeusi na nyeupe. Kukosea kwa kupunguza kunaacha vivuli tupu ambavyo hakuna dawa ya kuvirudisha. Kwa sababu hiyohiyo tunashauri uweke mita kwenye ISO 200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga) unapotumia HP5, ingawa sanduku limeandikwa 400.

Kwa nini petali za mbele ni kali na za nyuma zina ukungu?

Kina cha ukali kwa filamu kubwa ni kidogo kuliko wengi wanavyotarajia. Kwa ukubwa kamili na f/22, una karibu milimita 9 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. f/32 inakupa kama milimita 13. Ukirudi nyuma hadi nusu ya ukubwa, f/22 inakupa milimita 26, na kwa theluthi unapata sentimita 5. Kurudi nyuma kidogo kunasaidia kuliko kubana tundu. Ukibana hadi f/45 kwa ukubwa kamili, mwanga unapinda kwenye tundu dogo na picha yote inalainika, mbali na kwamba muda unakuwa mara nne ya ule wa f/22.

Kwa hiyo chagua. Katika haibiskasi, ukali uwe kwenye nguzo ya katikati yenye chavua. Petali za nyuma zikififia, jicho halisumbuki. Katika waridi, ukali uwe kwenye ukingo wa petali iliyo karibu zaidi na lenzi.

Kuinamisha lenzi kunasaidia?

Kunasaidia pale maua yanapolala kwenye uso mmoja: tuta la maua linalokwenda mbali nawe, au mayungiyungi juu ya maji. Inamisha lenzi mbele nyuzi chache, 3 hadi 8, tafuta ukali mbele, kagua nyuma, rekebisha, rudia. Kwa ua moja la duara kuinamisha hakuongezi kina, kunahamisha tu mahali ukali ulipo. Anayeanza aache kila kitu kimenyooka kwa vipande vyake vya kwanza.

Upepo wa ziwa nitaufanyaje?

Ujue ratiba yake. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, kwa hiyo upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana nchi kavu inapata joto na upepo unageuka, unatoka ziwani kuja mjini, ukiongezeka kuelekea alasiri. Katikati ya hizo mbili kuna utulivu wa asubuhi. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi ndiyo saa zako. Alasiri pale Kirumba au Igombe, ua lolote lililo wazi litacheza.

Majabali ya Mwanza ni rafiki mkubwa. Ua lililo upande wa jabali usioelekea ziwani limekingwa, na uso wa jiwe unarudisha mwanga laini kwenye kivuli. Pasipo jabali, mtu mmoja ashike boksi kubwa la katoni upande wa upepo, nje ya picha. Choma kijiti ardhini na ubane shina kwa kibanio cha nguo, chini ya mahali picha inapoishia.

Kama muda unazidi nusu sekunde, tazama ua lenyewe, acha kioo. Upepo huja kwa mawimbi na kati yake kuna vipindi vya kutulia. Kidole kikae kwenye kebo. Kwa muda mrefu sana unaweza kutumia alama ya B, ambapo shata hukaa wazi kadiri unavyobonyeza kebo, na kuugawa: fungua ua likitulia, funga likitikisika, mpaka jumla itimie. Hesabu ya uchovu wa filamu hapo haiwi sahihi kabisa, ongeza kidogo.

Njia ya uhakika zaidi ni kulikata ua na kuliingiza ndani. Chupa yenye maji, meza karibu na dirisha lisiloingiza jua la moja kwa moja, karatasi nyeupe ya manila upande wa pili kurudisha mwanga, na kitambaa cheusi mita moja nyuma. Funga feni. Sekunde 10 hapo si tatizo. Mtu akituuliza apigie wapi filamu zake za kwanza, jibu letu ni hilo. Acha ua kwenye maji saa moja kabla ya kupiga, maana likiwa limekatwa sasa hivi petali huendelea kujongea, na kwa ukubwa kamili mjongeo wa milimita moja unaonekana.

Saa gani mwanga ni mzuri?

Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na iko magharibi sana ndani ya saa za Afrika Mashariki, hivyo jua linafika juu kabisa karibu saa saba kasorobo mchana. Kuanzia saa nne hadi saa tisa mwanga unashuka wima, petali zinaungua juu na katikati ya ua panakuwa shimo jeusi. Siku zenye wingu jembamba wakati wa vuli na masika ni zawadi: mwanga ni laini siku nzima, ua limenawa vumbi. Pima kwenye ua lenyewe, kwa sababu anga jeupe juu ya ziwa litaidanganya mita.

Ua langu jekundu na majani yake yametoka rangi moja ya kijivu. Nimekosea nini?

Hujakosea kupima. Kwa filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, wekundu wa haibiskasi na kijani cha majani yake vina mwangaza unaokaribiana. Unavitenganisha kwa kichujio. Chekundu kinalifanya ua kuwa jeupe na majani kuwa meusi. Cha kijani kinafanya kinyume. Kichujio cha njano kinadai muda mara 2, cha kijani karibu mara 4, chekundu kizito mara 8. Haibiskasi ile ya mfano wetu, yenye kichujio cha kijani, inatoka sekunde 13 za hesabu hadi karibu sekunde 29 za kweli. Hapo ndipo utaona kwa nini tunasisitiza chumba na dirisha.

Kwa maoni yetu kichujio cha kijani hulipa haibiskasi uzito na mishipa ya petali huonekana. Chekundu hulifanya lionekane kama la karatasi.

Naweza kutumia filamu ya eksirei?

Ndiyo, na kwa kujifunza ni nafuu sana. Tafuta ile inayohisi bluu au kijani, usichukue ya printa za leza. Haioni wekundu, kwa hiyo unaikata na kuisafisha chini ya taa nyekundu huku ukiona unachofanya. Anza na ISO 80. Maua mekundu yatatoka meusi, ya bluu na zambarau yatatoka meupe. Aina nyingi zina dawa pande zote mbili na hukwaruzika kwa urahisi: safisha kipande kimoja kimoja, na ulaze kioo laini ndani ya trei, chini ya filamu.

Mayungiyungi na magugu maji nayapigaje?

Kutoka ardhi ngumu. Mtumbwini haiwezekani, tripodi itaelea na mawimbi. Yungiyungi la bluu hufunguka asubuhi na kujifunga baadaye mchana, kwa hiyo ratiba yake inalingana na ya upepo. Gugu maji lina ua la zambarau hafifu lenye doa la njano kwenye petali ya juu. Kwa filamu ya nyeusi na nyeupe hutoka karibu jeupe, na kichujio cha njano hulipa umbo. Usibebe mmea huo kwenda nao kwenye bwawa au kisima chochote: unaenea upesi na ziwa limeteseka nao vya kutosha.

Usiingie majini peku. Kichocho kipo kwenye maji ya kina kifupi mwambao wote, na konokono wake hupenda hasa palepale penye mimea. Vaa buti za mpira zisizovuja. Penye mafunjo, waulize wavuvi kwanza kuhusu mamba na viboko, kwa sababu ukiwa chini ya kitambaa cheusi huoni kinachokuja.

Ninahitaji kibali?

Kwenye bustani ya mtu, ruhusa ya mwenyewe. Mtaani, jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, maana tripodi na kitambaa cheusi huzua maswali. Kaa mbali na bandari, uwanja wa ndege na majengo ya usalama. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa: kuna kiingilio, na picha za biashara zina utaratibu wake, ulizia TANAPA kabla ya kupanda boti.

Nitasafishaje filamu wakati maji ya bomba yana joto?

Muda wa kwenye chati huwa wa nyuzi 20. Maji ya Mwanza mara nyingi yako 24 au zaidi. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuweka trei ya dawa ndani ya beseni lenye maji na chupa za barafu hadi kipimajoto kisome 20. Ya pili, rahisi zaidi, ni kukubali 24 na kupunguza muda. HP5 kwenye ID-11 (dawa ya kwanza, inayotokeza picha) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inachukua dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa 24 inashuka hadi kama dakika 9. Usitumie mchanganyiko unaokuleta chini ya dakika 5, dawa haitashika sawasawa na anga au mandharinyuma itakuwa na mawingumawingu. Cha muhimu ni dawa zote na maji ya kuoshea viwe na joto linalokaribiana.

Kwa kipande kimoja kwenye trei ya sentimita 13 kwa 18, giza totoro: maji safi dakika 2, dawa ya kwanza huku ukiinua kona za trei kwa zamu taratibu, kisha kizuizi, kinachosimamisha dawa ya kwanza, sekunde 30. Siki nyeupe, sehemu moja kwa maji sehemu tatu, inatosha kama kizuizi. Halafu fiksa ya haraka (dawa inayoifanya filamu isihisi mwanga tena), 1 kwa 4, dakika 3 hadi 5. Baada ya dakika mbili za fiksa unaweza kuwasha taa. Osha kwa kubadilisha maji mara kadhaa.

Mwosho wa mwisho uwe wa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari. Soma lebo: unataka maji, hutaki asidi. Maji ya bomba huacha madoa ya chokaa na tope. Tundika filamu bafuni baada ya kumwaga maji sakafuni ili vumbi litulie, na uzime taa jioni, la sivyo wadudu wa ziwani watakaukia juu yake.

Filamu inatunzwaje, na vipi kwenye ndege?

Weka kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Ukiitoa, iache saa moja au mbili ipate joto la chumba kabla ya kufungua, bila hivyo unyevu utaganda juu yake. Holda zilizopakiwa usiziache kwenye gari lililopaki juani. Uwanja wa ndege, beba filamu mkononi na uombe ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za skani za aina ya CT huiharibu hata kwa mpito mmoja, na mizigo inayoingia tumboni mwa ndege hupigwa miale mikali.

Sina mashine ya kukuzia. Nitachapaje?

Negatifu ya inchi 4 kwa 5 ni kubwa kiasi cha kuchapwa kwa kugusana: karatasi chini, negatifu juu, kioo kizito juu yake, taa ndogo sekunde chache. Njia nyingine ni sianotaipu, uchapaji wa picha za bluu kwa mwanga wa jua, ambayo haihitaji chumba cha giza kabisa, taa ya kawaida ya balbu hafifu inatosha wakati wa kupaka. Jua la hapa huichapa kwa dakika chache, na karatasi inaoshwa kwa maji tu. Inapenda negatifu nzito, kwa hiyo ongeza muda wa kusafisha kwa karibu robo. Kwa matumizi ya mtandaoni, piga negatifu kwa simu au kamera ya kidijitali ikiwa juu ya skrini nyeupe ya tableti, ikiinuliwa sentimita chache ili vinukta vya skrini visionekane.

Fiksa iliyotumika nimwage wapi?

Usiimwage kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Ina fedha iliyotoka kwenye filamu, na fedha hiyo ni sumu kwa viumbe vya majini. Ikusanye kwenye dumu lililoandikwa, tumbukiza pamba ya chuma ya kusugulia masufuria, iache siku kadhaa. Chuma kinayeyuka na fedha inashuka chini kama tope jeusi. Tope lihifadhi, mafundi wa vito wanajua thamani yake. Maji yanayobaki yachanganye na maji mengi na uyamwage kwenye choo chenye shimo la kuhifadhia, mbali na kisima na mbali na mboga.